Suruali ya Bitana Mbili

Mdogo wangu tunamwita Mabega. Jina lake la cheti analijua yeye na serikali. Sisi wengine wote, kuanzia wateja hadi mama wa duka la vifungo, tunamwita hivyo kwa sababu ukimwona nyuma ya meza ya kukatia utadhani ni mbeba mizigo: kifua kipana, shingo nene, mikono imejaa. Amekuwa hivyo tangu ana miaka kumi na saba, na hajawahi kunyanyua chuma hata siku moja. Mimi ni dada yake. Mama alifariki Mabega akiwa na miaka tisa, nikamlea, nikamsomesha nilipoweza, nikamfundisha ufundi. Nayasema haya mapema ili ukifika mbele usiniulize nilikuwa wapi. Nilikuwa hapo hapo.

Tunashonea kwenye chumba kimoja kirefu chenye dirisha kubwa upande wa barabara. Kuna cherehani nne, meza ya kukatia, kioo cha urefu wa mtu, pazia la kijani la kubadilishia nguo, na kona ya pasi anayoitawala mzee mmoja tunayemwita Babu Pasi, ingawa hata miaka sitini hajafika. Tunashona suti na sare. Mimi napima, Mabega anakata. Wakataji wote ninaowajua hukata wamesimama, yeye hukata amekaa kwenye stuli ndefu, na mkato wake hauna mpinzani mtaa mzima.

Kazi yetu ina adabu yake. Fundi hamwambii mteja kasoro ya mwili wake. Bega moja likiwa chini kuliko jingine, unaongeza pedi upande ule, unanyamaza. Tumbo likitangulia, unashusha kiuno cha suruali, unanyamaza. Mteja akijitazama kwenye kioo anajiona amenyooka, anashukuru, anakwenda zake harusini. Kusitiri ndiyo kazi. Nimesitiri watu miaka ishirini na miwili, na nilikuwa najivunia, tena kwa sauti.

Basi, siku moja ya Jumanne, saa nne asubuhi, akaja nesi mmoja kujaribu sare yake. Alikuwa na mashine mpya ya presha, bado imo kwenye boksi, ameinunua ili awapimie wagonjwa wake majumbani. Sisi kwa umbea wetu tukataka kupimwa. Akaanza Babu Pasi, yuko vizuri. Nikafuata mimi, mia moja na kumi na nane kwa sabini na sita, nikajisifu mbele ya wote. Mabega akasema ana kazi.

"Dume zima na mabega yote hayo linaogopa kamkanda!" Babu Pasi akamchokoza.

Mabega akacheka, akatoa mkono. Mashine ikanguruma, ikajaza, ikashuka, ikasimama. Nesi akaitazama. Akamvua mkanda, akajipima mwenyewe, akatikisa kichwa, akamfunga Mabega tena, safari hii mkono wa pili.

"Mia mbili na nne kwa mia moja na kumi na mbili," akasema polepole.

"Hiyo mashine imelewa," Babu Pasi akasema.

Nesi hakucheka. "Una miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

"Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

Mabega akafikiri. "Tangu siku zote."

Nilishtuka hadi tepu ikanidondoka shingoni. Presha mimi naijua. Ni ugonjwa wa kina shangazi, wa watu wenye matumbo na madaraka. Huyu havuti sigara, hanywi pombe, tumbo hana. Nesi akaniambia nifunge kazi nimpeleke hospitali sasa hivi, si kesho, nami nikafunga.

Daktari wa kwanza alikuwa na foleni hadi nje ya mlango. Akapima, akaguna, akaandika dawa moja. "Kijana, punguza chumvi, punguza mawazo." Mwezi wa pili zikawa dawa mbili. Mwezi wa tatu, tatu. Presha iko pale pale, inatucheka. Nyumbani niliitupa chumvi yote. Mchana tunakula wote pale kazini, kwa hiyo adhabu ikawapata na wasiohusika. Babu Pasi akaanza kuja na chumvi yake mfukoni, ameifunga kwenye kipande cha bitana, kile kitambaa cha ndani ya nguo, anajinyunyizia kwa siri nikigeuka.

Halafu nikaanza kumshuku Mabega mwenyewe kwamba dawa hazimezi. Kila asubuhi nilisimama mbele yake na glasi ya maji. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Mwanamume wa miaka ishirini na saba! Akafungua, akainua. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia, na nikaona nimesema la maana sana.

Dawa zikawa zinamezwa na presha haishuki. Chumvi hakuna. Yakabaki mawazo. Sasa nani anamletea mawazo? Alikuwa na mchumba, mwalimu wa chekechea, binti mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Harusi ilikuwa imepangwa mwisho wa mwaka.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Fundi," Babu Pasi akasema huku anapuliza mkaa. "Mwangalie huyo binti. Wapole ndio wenye mambo."

Hakuna siku nimemsikiliza Babu Pasi katika jambo lolote, nikaenda kumsikiliza hilo. Nikampigia yule binti simu mchana kweupe, nimesimama nje ya mlango. Nikamwambia amemjazia mdogo wangu mawazo ya harusi hadi damu inataka kupasua mishipa. Nikamwambia kama anampenda, amwache apumue. Mimi nikianza kusema huwa nasema. Nikamaliza yangu yote, nikakata. Wiki ile ile uchumba ukavunjika. Mabega hakuniuliza kitu, akaendelea kukata vitambaa vya watu.

Tulipokwenda kupima mwezi uliofuata, nilikaa kwenye benchi nikiwa na uhakika kabisa kwamba imeshuka. Mzigo si umeondoka? Ilikuwa mia mbili na kumi. Niliisoma ile karatasi mara mbili. Ikiwa si chumvi, wala dawa, wala mapenzi, basi mdogo wangu anauawa na kitu nisichokijua, na nimeshampokonya mtu aliyempenda.

Siku nne baadaye alikuwa anakata suti ya bwana harusi mmoja, damu ikaanza kumtoka puani. Haikuwa ya matone. Ilimwagika juu ya kitambaa cheupe, ikafuata mstari wa chaki, tukaizuia kwa vitambaa viwili vizima. Akasema jicho la kushoto linaona ukungu. Babu Pasi aliacha pasi inawaka akakimbilia teksi barabarani. Tukampeleka hospitali kubwa.

Huko tukampata daktari wa kike, kijana, mwembamba, anayeongea chini chini hadi ulazimike kunyamaza ndipo umsikie. Damu ilipotulia, akakaa akasoma daftari la kliniki ukurasa kwa ukurasa.

"Nani amewahi kutafuta sababu?" akauliza.

"Sababu si mawazo?" nikasema.

"Dada, mawazo peke yake hayawezi kuiweka presha ya kijana huyu kwenye mia mbili na kumi, miezi mitano, huku anameza dawa tatu. Mtu akiwa mzee, mara nyingi hatupati sababu moja ya kuinyooshea kidole. Kwa kijana namna hii lazima tuitafute. Ikipatikana, huenda tukaitibu yenyewe."

Lazima tuitafute! Miezi mitano nilikuwa natafuta wa kulaumu, na hapa kuna mtu anatafuta sababu. Sikujua kama ni vitu viwili tofauti.

Akamlaza. Akamwuliza maswali hadi nikachoka mimi. Anakunywa dawa za maumivu kila siku? Vinywaji vya kuongeza nguvu? Mitishamba? Vidonge vya kujaza misuli? Anakoroma usingizini? Moyo humwenda mbio ghafla, akatoka jasho bila kazi? Kuna ndugu aliyepata kiharusi mapema? Akapima mkojo, akapima damu na chumvi zilizomo, akapiga picha ya figo. Baada ya siku mbili majibu yakaja: hakuna tatizo. Nikanuna. Fikiria mtu anayenuna kwa kuambiwa figo za mdogo wake ni nzima! Lakini nilitaka jibu, lolote, lenye jina.

Siku ya tatu daktari akasema, "Leo nataka nimwone mwili mzima. Vua na suruali, tafadhali."

Mabega akanitazama. "Dada atoke."

Nikasogea upande wa pili wa pazia, nikasimama nimeshika mkoba. Kisha nikasikia daktari anauliza, "Miguu yako imekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?" Mabega akasema. Alikuwa anauliza kweli. Hakujua.

"Dada, upo hapo?"

"Nipo." Sijui nini kilinipata, nikaanza kutaja vipimo. "Kifua inchi arobaini na nne. Paja inchi kumi na tisa. Shavu la mguu inchi kumi na mbili na nusu, na halijaongezeka tangu ana miaka kumi na sita. Kifua ndicho kinachoongezeka."

"Umejuaje yote hayo?"

"Mimi ndiye fundi wake."

"Na hukuwahi kushangaa?"

Hapo ndipo aliponiweza. Kwa sababu nilishangaa. Miaka kumi na moja iliyopita nilishangaa, mtoto kifua cha mpiga ngumi na miguu ya korongo, na nikafanya kile ninachofanya mimi kama fundi.

"Nilimwekea bitana mbili," nikasema. "Suruali zake zote. Mpaka chini kwenye pindo, na ya ndani nzito kidogo, ili miguu ionekane imejaa."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Ndiyo maana ya bitana."

Daktari akamfunika shuka, akaniambia niingie. Akanishika vidole vyangu, akaviweka kwenye kifundo cha mkono wa Mabega. Mapigo yalikuwa yanagonga ungedhani mtu anabisha hodi. Kisha akaviweka mgongoni mwa wayo wake, pale ambapo mapigo hupatikana. Nilibonyeza, nikasogeza, nikabonyeza tena. Hamna kitu. Mguu wenyewe ulikuwa wa baridi.

Akaleta mkanda mkubwa, akaufunga mguuni.

"Mkononi mia mbili na sita," akasema. "Mguuni tisini na mbili. Kwa kawaida mguu huwa sawa na mkono, au unazidi kidogo."

Mwili mmoja, mtu mmoja, kitanda kimoja, presha mbili. Nilimtazama mdogo wangu toka kichwani hadi miguuni, naye ananitazama, na sote wawili tulikuwa hatujawahi kumwona.

Daktari akatuchorea nyuma ya karatasi ya majibu. Mshipa mkuu wa damu unatoka moyoni, unapanda, unatoa matawi ya kichwa na mikono, kisha unakata kona kushuka chini. Wa Mabega ulikuwa umebanwa pale kwenye kona, na alizaliwa nao hivyo. Moyo unasukuma kwa nguvu zote kupita penye kubana. Juu damu inazidi, chini haitoshi. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi bila kujua, hadi mshipa wa kichwa upasuke au moyo uchoke. Siku hiyo hiyo wakampiga eksirei ya kifua, daktari akanionyesha mbavu zake: kingo za chini zimelika kidogo kidogo, mahali ambapo mishipa midogo ilikuwa imevimba kwa kutafuta njia ya kuizungusha damu. Mimi nimefumua makoti mengi ambayo uzi umebana bitana kwa ndani na nje huoni kitu. Nilielewa upesi kuliko nilivyotaka.

"Ukitembea mbali, miguu haichoki?" akamwuliza Mabega.

Kabla ya kujibu akanitazama mimi kwanza. Daktari aliona. "Inachoka."

"Sana?"

"Inakufa."

Nikakumbuka. Alipokuwa mdogo, wenzake wakikimbia yeye anakaa kwenye ukuta. Alipokuwa anajifunza cherehani ya kukanyaga, baada ya nusu saa anaacha, anapapasa miguu, nami namwuliza kama miguu ameiazima anaogopa kuichakaza. Nilimtoa kwenye pedali nikampa mkasi na stuli, na nikawaambia wateja, naye anasikia, kwamba huyu Mungu alimwumba amekaa. Watu walicheka sana. Ilikuwa moja ya vichekesho vyangu vizuri.

Kazi yenyewe ya kuutanua mshipa ilifanywa baada ya wiki tatu, na mabingwa wa moyo. Walipitia kwenye mshipa wa kinena, wakapandisha kimrija cha waya hadi penye kubana, wakakitanua. Daktari hakunificha: mshipa unaweza kuchanika, na ukichanika, ni dakika. Mabega alitia saini mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri wa kuandikia vipimo. Nilikaa kwenye ujia saa tatu na nusu. Babu Pasi alikaa na mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na methali.

Daktari akatoka, amevua kofia. "Mkono mia na arobaini. Mguu mia na thelathini na nane."

Niliomba arudie. Akarudia.

Mabega alipozinduka vizuri alianza kuhangaika chini ya shuka. "Dada, miguu inawaka. Mwite nesi, kuna kitu kimeniunguza."

Nesi akafunua, akashika. Miguu mizima, haina jeraha. Ilikuwa ya moto tu, moto wa kawaida, wa mtu. "Hiyo ni damu," nesi akamwambia.

Akaitazama miguu yake kwa muda. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Yaani nyinyi ndivyo mnavyosikia siku zote?"

Nilitoka nje. Nikasimama mbele ya bomba la kunawia mikono nikalia kwa sauti hadi watu wakanipa pole, wakidhani nimefiwa.

Hatujapona kabisa, daktari alisema, maana mishipa iliyozoea nguvu haisahau kwa siku moja. Dawa imebaki moja, na kila mwaka atapigwa picha. Lakini Mabega anatembea. Wiki ya tano alikwenda sokoni akarudi kwa miguu, akasimama mlangoni anahema na kucheka, kisha akaingia akakaa. Hakuwa na wa kumsimulia. Nilimwona ameshika simu, akaitazama, akaiweka kifudifudi mezani.

Kesho yake mchana nikaenda chekechea.

Watoto walikuwa wameshachukuliwa. Yule binti alikuwa anaokota kalamu za rangi chini ya meza. Aliponiona alisimama wima. "Karibu, dada," akasema, maana adabu anayo. Viti vyote vilikuwa vya watoto. Nikakaa kwenye kimoja, magoti yamenifika kidevuni, nikamwomba msamaha. Nilijua nitaomba vibaya, na niliomba vibaya. Nikamwambia si yeye, hakuwa yeye hata kidogo, wala harusi, wala mawazo. Nikaanza kumweleza kuhusu mshipa.

"Miguu," akasema kabla sijamaliza. "Ilikuwa ile miguu."

"Unajuaje?"

"Najua tangu mwezi wa kwanza wa uchumba wetu. Kutoka kituoni mpaka kwetu si mbali, lakini alikuwa anasimama mara tatu. Anajifanya anasoma matangazo ukutani. Matangazo yale yale kila siku, dada. Mwisho nikamwuliza, akaniambia miguu inakufa, na akivua viatu ni ya baridi hata jua likiwaka. Nikamwambia mwambie dada yako, anajuana na manesi. Akasema dada atamwona mvivu. Akaniapisha nisikwambie."

Ingejulikana. Kabla ya ile damu ya puani, kabla ya ukungu wa jicho, ingejulikana.

"Si ungeniambia tu!" nikasema, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe inaanza kupanda. "Kiapo gani hicho? Mtu anakufa!"

Hakukasirika. Alizipanga kalamu zake kwenye kopo, moja moja.

"Ulipopiga simu siku ile, niliwaacha watoto darasani nikatoka nje kuipokea," akasema. "Nilifurahi. Nilisema leo navunja kiapo. Nikakwambia, 'Dada, kuna jambo kuhusu miguu yake.' Nilisema mara mbili. Ulikuwa unaongea."

Nilijaribu kuikumbuka sauti yake kwenye simu ile, hata neno moja. Sikulipata. Nilikumbuka yangu tu, yote, tangu la kwanza hadi la mwisho.